Wasifu wa mama niliuandika usiku mmoja, wangu umenishinda

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43 na ninakuandikia saa sita usiku kwa jambo ambalo wengine watalicheka. Nimeshindwa kuandika aya moja inayonihusu mimi mwenyewe.

Mimi na rafiki yangu tuna biashara ndogo ya kutunza vitabu vya hesabu: vya maduka, karakana, saluni, vya mtu yeyote ambaye risiti zake ziko kwenye boksi la viatu na tarehe ya kodi inakaribia. Tulianza miaka miwili iliyopita. Leo tuna wateja 19, na wote wametufikia kwa kuambiana. Sasa tunatengenezewa tovuti. Kijana anayeitengeneza amemaliza kila kitu isipokuwa ukurasa wa "Kuhusu Sisi", na kila Jumatatu ananitumia ujumbe uleule: "Mama, wasifu wako tafadhali." Nimeandika mara tisa. Mara tisa nimefuta.

Historia yangu si ndefu. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni ya usafirishaji kwa miaka 11, minne ya mwisho nikisimamia makarani watatu. Kisha mama akaugua, na katika watoto wake ni mimi niliyekuwa karibu. Niliacha kazi nikamuuguza miaka sita, hadi alipofariki. Katika miaka hiyo nilikuwa nikiwafanyia hesabu majirani wawili watatu wenye biashara, jioni, mama akishalala. Kuna walionilipa, na kuna walionishukuru. Stashahada ya juu ya uhasibu niliianza nikiwa kazini, lakini mitihani miwili ya mwisho sikuifanya na hadi leo sijarudi.

Rafiki yangu aliponiona nimekwama, akaniandikia yeye. Naunakili kama ulivyo:

"Ni mtaalamu mbobezi wa masuala ya fedha mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20 na shauku kubwa ya kuleta suluhisho bunifu kwa wateja wake. Ni msomi wa uhasibu aliyewahi kushika nyadhifa za juu katika sekta ya usafirishaji. Anaamini katika ubora, uadilifu na ufanisi."

Shangazi, niliposoma niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia chumbani. Nilipomuuliza hiyo miaka 20 imetoka wapi, alinihesabia: 11 ya kampuni, sita ya majirani, miwili ya kwetu, jumla 19, "na mwaka huu bado unaendelea." Alisema kila mtu anaandika hivyo, na tukijishusha wateja wakubwa watatupita. Wake ameuandika kwa mtindo huohuo na umeshawekwa. Sitaki aone kwamba namwita mwongo, kwa sababu si mwongo. Ndiye aliyenifuata nyumbani baada ya msiba akaniambia, inuka, twende tukafanye kazi.

Mwanangu naye alijaribu kunisaidia. Aliyaingiza maelezo yangu kwenye programu ya akili bandia, ikanipa shahada ya uzamili.

Upande wa pili kuna rasimu zangu. Ya mwisho ilisomeka hivi: "Nilikuwa karani. Sikumaliza stashahada. Nilikaa nyumbani miaka sita kwa sababu za kifamilia. Ninajitahidi." Rafiki yangu alisema huo si wasifu, ni maungamo.

Nimelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kujipigia debe kunanitia aibu mwili mzima. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wasifu wa mama, ule uliosomwa siku ya maziko, niliuandika mimi. Usiku mmoja, kurasa mbili, bila kufuta mstari. Watu walilia, na kuna mahali walicheka. Inakuwaje wa kwangu unishinde?

Kazi yenyewe naiweza, Shangazi, na naipenda. Hesabu zikikataa kulingana wenzangu huchanganyikiwa, mimi hukaa vizuri kwenye kiti. Juzi leja ya mteja ilipishana na taarifa ya benki kwa 540. Nikagawanya kwa tisa, ikakubali, nikajua huenda kuna mahali tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Baada ya nusu saa nikaikuta: 4,710 ilikuwa imeandikwa 4,170. Lakini mambo kama hayo huwezi kuyaweka kwenye tovuti ya biashara, au sivyo?

Niandike nini? Ile miaka sita niiseme au niiruke? Na rafiki yangu nimwambieje?

Mwenye Rasimu Tisa

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwanza kwa mama. Najua msiba si wa jana, ila barua yako imenionyesha kuwa bado uko naye mezani unapoandika, na nadhani hilo lina uhusiano na kukwama kwako kuliko unavyodhani.

Nikikuelewa vyema, umewekewa wanawake wawili mbele yako na unajiona huna budi kumchagua mmoja. Wa kwanza ni yule mbobezi wa miaka 20, ambaye hata wewe hukumtambua alipoingia chumbani. Wa pili ni karani asiyemaliza alichoanza, anayejitahidi. Huyu wa pili unamwamini zaidi kwa sababu anakuumiza, na sisi tuliolelewa kwa unyenyekevu hudhani kinachotuuma ndicho cha kweli. Sina hakika. Sentensi zake zote ni sahihi moja moja, lakini ukizijumlisha hupati mtu ambaye wafanyabiashara 19 wamemkabidhi vitabu vyao. Wewe ni mtu wa hesabu: jumla ikikataa hivyo, hutafuti kilichosahauliwa?

Methali yako naiheshimu, nami nimelelewa nayo. Ila tuiangalie inamsema nani. Inamsema anayezunguka na bidhaa mlango kwa mlango akiwashika watu mikono. Haisemi chema kifichwe uvunguni. Isitoshe, hao wateja wako 19 hawakuja kwa sababu chema kilijiuza chenyewe. Kila mmoja aliambiwa na mtu: "Nenda kwa fulani, atakunyooshea vitabu vyako na hatakucheka." Yule msemaji ndiye aliyekuwa wasifu wako siku zote. Kwenye tovuti hayupo. Mgeni anafika peke yake, pengine usiku kama huu, simu mkononi, na hana wa kumuuliza. Unachoombwa uandike ni yale maneno ambayo mteja wako amekuwa akimwambia mwenzake.

Nadhani hata neno limetuponza kidogo. "Wasifu" na "sifa" yanatoka kwenye shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Sisi tukaichukua "kusifu" tukaipeleka kwenye kupamba, na kila tukisikia "wasifu" tunajiandaa kuona aibu. Kazi ya neno lenyewe bado ni ileile ya zamani, kueleza.

Sasa nakuomba ukaitafute ile karatasi ya mama. Sijaiona, lakini naweza kuweka dau kwamba hukuandika "alikuwa na shauku kubwa ya ubora". Nadhani uliandika alichokifanya, alivyokuwa akisema, alikataa nini, alimsaidia nani na kwa namna gani. Watu hawacheki kwenye maziko kwa sababu ya neno "uadilifu". Hucheka kwa sababu kuna jambo dogo limetajwa na wote wamemwona marehemu pale pale. Kwa hiyo huenda ufundi wa kuandika mtu unao tayari. Unachokosa ni ruhusa ya kuutumia kwako, na hiyo mimi siwezi kukupa, ila naweza kukwambia kwamba ufundi ni huohuo.

Tuje kwa hoja ya rafiki yako, maana si ya kupuuzwa. Anasema kila mtu anaandika hivyo, na hapo hajakosea. Lakini je, msomaji anayapokea? Mwaka 1997 watafiti wawili, John Morkes na Jakob Nielsen, walichukua maelezo ya vivutio vya utalii wakayaandika kwa namna tano, kisha wakawapa watu wayatumie kutafutia habari. Namna ya kwanza ilijaa majigambo ya kibiashara. Nyingine ilikuwa na habari zilezile, majigambo yameondolewa, na peke yake ilipimwa kuwa rahisi kutumia kwa asilimia 27 zaidi. Iliyopunguzwa maneno hadi karibu nusu ikapanda kwa asilimia 58. Iliyofanyiwa yote, yaani fupi, isiyojigamba, na iliyopangwa ili jicho lipite kwa urahisi, ikapanda kwa asilimia 124. Maelezo yao yalinigusa: msomaji akikutana na kujisifu hulazimika kutumia nguvu kuchuja sifa ili abaki na ukweli, na hiyo nguvu anaitoa kwenye kusoma. Zilikuwa kurasa za utalii, si wasifu wa mtu, kwa hiyo usizibebe tarakimu hizo kama sheria. Lakini jaribu hili: kwenye ule wasifu wa rafiki yako weka "meno" mahali pa "fedha", "udaktari" mahali pa "uhasibu" na "tiba" mahali pa "usafirishaji". Unamfaa daktari wa meno bila kubadilisha kingine. Mwenye boksi la viatu atajuaje kwamba ni wewe?

Huyo mwenye boksi ndiye ningependa umweke mbele unapoandika. Ana wasiwasi gani? Nadhani anaogopa tarehe ya kodi, anaogopa kuibiwa, na zaidi ya yote anaona aibu. Risiti zake zimelowa, nyingine hazisomeki, anadhani watu wote wana mafaili isipokuwa yeye. Anataka kujua unafanya nini hasa, kama umewahi kuona fujo kama yake, na aanzie wapi. Cheo chako cha zamani kinamsaidia kidogo. Imani yako katika ufanisi haimsaidii chochote.

Umeniuliza kama ile 540 inaweza kuwekwa kwenye tovuti. Nilipofika pale nilisimama, nikarudia kusoma. Barua nzima ulikuwa unajitetea, pale tu ndipo nilipokuona ukifanya kazi. Nimejaribu kuandika, kwa maneno uliyonipa wewe na hakuna lingine:

"Natunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo: maduka, karakana, saluni. Kazi hii niliianza kama karani katika kampuni ya usafirishaji, nikakaa miaka 11, minne ya mwisho nikisimamia makarani watatu. Leo mimi na mwenzangu tunahudumia biashara 19. Hesabu zikikataa kulingana, hapo ndipo ninapokaa vizuri kwenye kiti: juzi nilikuta tofauti ya 540, nikagawanya kwa tisa, na baada ya nusu saa nikawa nimezipata tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Lete boksi lako kama lilivyo."

Hiki ni kitambaa, mwanangu, mshono ni wako. Na kina kasoro zake. Kuna mteja atakayeona habari ya tisa ni utani usiomhusu. Hiyo 19 itachakaa, mkifika 30 itawapunguza na mkishuka itawasuta, kama itakavyochakaa "miaka miwili" yoyote utakayoandika. Ndiyo maana wengi huona heri kutaja mwaka walioanza kazi, usiohitaji kurekebishwa. Angalia pia usimwonyeshe mteja. Tofauti ya 540 peke yake haimtaji mtu, lakini ukiongeza aina ya biashara na mtaa, ataanza kujitambua na kujiuliza mengine yake umeyapeleka wapi. Kwa watu wa kazi yenu hilo ni kubwa. Neno zuri la mteja pia liombewe ruhusa kabla ya kuchapishwa, hata kama alilisema kwa furaha.

Ile miaka sita. Naona umeiuliza kama swali la uandishi, nami nadhani ni zaidi ya hilo. Kwenye rasimu yako umeiita "sababu za kifamilia", lugha ya barua ya kuomba ruhusa kazini. Nani alikutaka uombe ruhusa? Pia umeandika "nilikaa nyumbani", kisha kwenye barua unaniambia kila jioni ulikuwa unafungua vitabu vya majirani. Kampuni ya usafirishaji ilikufundisha utaratibu, lakini hakuna aliyekuletea boksi la viatu pale. Maboksi uliyajulia kwa majirani, mama akiwa amelala chumba cha pili. Huenda biashara yenu ya leo ilianza huko kuliko ilivyoanza miaka miwili iliyopita. Fikiria tu.

Unaweza kuiruka. Wasifu wa sentensi tano si orodha ya ajira, hakuna anayedai tarehe, na kunyamaza si kudanganya maadamu hujaandika kitu kinachomfanya mtu aamini ulikuwa kazini mfululizo. Hatari yake ni ndogo: siku moja mteja atauliza, na ni vizuri uwe na sentensi moja ya kujibu bila kutetemeka. Unaweza pia kuisema: "Niliacha ajira kumuuguza mama, na katika miaka hiyo nikatunza hesabu za wafanyabiashara jirani." Wapo watakaokuamini kwa ajili ya sentensi hiyo tu. Lakini ikishawekwa kwenye intaneti hutaweza kuirudisha mfukoni, na wageni watakuuliza habari za mama yako siku ambayo hutaki kuizungumza. Na wapo watakaokuhesabia hiyo miaka kama pengo, kwa ubaya wao. Njia ya katikati ni kutaja wale majirani bila kutaja ugonjwa. Ni wewe unayejua kidonda kimefika wapi.

Stashahada ni rahisi zaidi. Hakuna anayeorodhesha asichokimaliza, kwa hiyo acha kujishtaki. Ila "msomi wa uhasibu" mimi ningeliogopa. Katika nchi nyingi jina "mhasibu" au vyeo vinavyofanana nalo vinalindwa na sheria, na vina bodi inayoamua nani avitumie. Ulizia mlipo kabla halijachapishwa. "Mtunza vitabu vya hesabu" linasema unachofanya na halina ugomvi na mtu. Kama unatamani kurudi kufanya hiyo mitihani miwili, hilo ni jambo jema la kulifikiria siku nyingine, kwa sababu zake lenyewe. Kuifanya kwa ajili ya aya moja, hapana.

Na hiyo shahada ya uzamili imenichekesha kweli. Programu za namna hiyo hujaza pengo kwa kile kinachozoeleka kwenye wasifu wa watu wengine. Zitumie kufupisha ulichokwisha kuandika, kisha hakiki neno kwa neno kama unavyohakiki leja.

Sasa rafiki yako. Mtu anayejumlisha 11, sita na miwili, halafu akauomba mwaka ambao haujaisha umsaidie, hajakaa kupanga udanganyifu. Ana hofu. Anaogopa hamtoshi, kama wewe unavyoogopa, ila hofu yake inapiga debe na yako inajificha. Mkiliona hilo pamoja, mazungumzo yatakuwa mepesi. Lakini kwenye hiyo miaka 20 nadhani panahitaji mazungumzo, kwa sababu ya kazi mnayoifanya. Ninyi mnalipwa kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo. Mteja akisoma 20 kwenye tovuti, kisha akakusikia kwa mdomo wako ukisema 11 na miwili, atakuwa amefanya ulinganisho wa kwanza yeye mwenyewe, na nyinyi ndio mmekataa kulingana.

Unaweza kubadilisha wa kwako tu, wa kwake ukauacha. Mtaepuka ugomvi kwa sasa, ila mtasimama ukurasa mmoja mkiwa na sauti mbili, na kuna siku ataona ulimsahihisha kimyakimya. Unaweza kuukubali wake ukaomba tarakimu na cheo tu virekebishwe. Au mbadilishane: yeye akuulize maswali kwa saa moja, wewe umuulize yeye, kila mmoja amwandikie mwenzake alichosikia. Mimi naipenda hii ya mwisho, labda kwa sababu nimeona ulivyo hodari wa kuandika mtu mwingine. Anaweza kukataa. Anaweza hata kuwa sahihi kwa sehemu, maana wateja wakubwa hutafuta vitu fulani: mifumo ya hesabu mnayoijua, aina za biashara mlizohudumia, kiasi cha kazi mnachobeba kwa mwezi. Hivyo vyote vinaweza kuandikwa, na vyote ni vya kweli. Ukianza, usianzie kwenye makosa. Anzia pale alipokufuata nyumbani. "Uliponiambia inuka, uliona nini kwangu? Hicho ndicho ninachotaka kiandikwe." Sidhani kama atajibu "suluhisho bunifu".

Madogo yaliyobaki. Kama ni "mimi" au "yeye", vyote viwili vinakubalika, muwe sawa nyote wawili tu. "Yeye" hufaa pale wengine watakaponakili kukutambulisha mahali, "mimi" hufaa biashara ambayo mteja ataongea na wewe mwenyewe, na kwako nahisi "yeye" kunakurudisha kwenye ile karatasi ya maziko. Jina lako na kazi yako viwe juu kabisa kwa maneno ya kawaida, ndiyo watu wanayoyaandika wanapotafuta. Picha iwe ya karibuni, ili mteja akikuona asishangae. Usome wasifu wote kwa sauti, na usome kwenye simu. Pale utakapoona aibu, angalia kama ni kwa sababu umejisifu au ni kwa sababu umesema kweli. Miguu hutaka kukimbia kwa vyote viwili, na ni wewe tu unayeweza kutofautisha.

Mwombe kijana wa tovuti akupe Jumatatu moja zaidi. Rasimu ya kumi ukitaka kuifuta, nitumie mimi kwanza. Na ukiipata karatasi ya mama, niandikie ni wapi watu walicheka. Tangu nisome barua yako nimebaki nikijiuliza.

Shangazi yako